Kwa Nini Wananiita Mama Mji

Mugumu, Jumapili jioni

Robi mwanangu,

Umekwenda Kenyamonta kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mapema. Atakukalisha, atakulisha, halafu atasahau kwamba amekulisha, akulishe tena. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa hapa mezani na kalamu yako uliyoisahau, niandike yale ambayo mdomo wangu umeshindwa kuyatoa tangu juzi. Ukiona mistari inapanda mlima usicheke. Darasa la nne la misheni na yale masomo ya watu wazima ya jioni ndiyo yamenifikisha hapa.

Barua hii nitaitia kwenye begi lako, uisome ukiwa ndani ya basi. Ukiisoma mbele yangu nitaona haya, na nitaanza kukutuma maji ili tu uondoke.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala sabuni, wala namna ya kulinda mizigo njiani. Hayo yote Mama Hadija jirani yetu ameshayafanya kazi yake, na kesho atakuelekeza mpaka dereva achoke kumsikiliza. Mimi nataka kukueleza habari ya juzi.

Juzi ulisimama hapa uani ukatusomea hotuba yako, ile utakayoitoa ukishamaliza mafunzo Dodoma na kuanza kuzungushwa na gari la matangazo, mji hadi mji, kuwaeleza watu kwamba uchaguzi wa madiwani umekaribia na serikali za miji zinawahitaji. Ulivaa blauzi yako nyeupe. Ulisema, "Ndugu wananchi, mnatakiwa kutunza mji wenu. Mnatakiwa kuhudhuria mikutano. Mnatakiwa kuchagua madiwani waadilifu." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Baba yako akajifanya ameingiwa na kitu jichoni. Mama Hadija akaanza kupiga makofi hata kabla hujafika mwisho, kuku wakakimbia. Mimi nikainuka, nikakusanya sahani, nikaingia ndani. Ulipomaliza ulinifuata jikoni ukaniuliza, "Mama, ni mbaya?" Nikakujibu kwamba sahani hazijioshi zenyewe.

Niliuona uso wako. Tangu saa ile unanisalimia kwa adabu mno, kama mgeni aliyekuja kuomba njia, na inaniuma. Sitaki uondoke hapa ukidhani mama yako haitaki kazi yako, au ameionea aibu hotuba yako. Nilikuwa na sababu mbili za kuinuka. Ya kwanza ni ndefu, nivumilie.

Unajua watu wa hapa wananiita Mama Mji. Umekua ukilisikia jina hilo sokoni, na siku moja nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwamba nilipewa kwa heshima, kwa kuwa nilikuwa kiongozi wa akina mama wa soko. Nikakuacha uamini hivyo, nani hapendi kusifiwa na mtoto wake. Lakini jina lilitangulia, uongozi ukafuata, na lilipokuja lilikuja kwa kicheko.

Ulikuwa bado mtoto wa mgongoni. Mugumu ilikuwa ndiyo kwanza imefanywa makao ya wilaya. Nyumba za serikali zinajengwa, watu wanahamia kutoka kila upande: sisi Wangoreme, Waikoma, Wanata, Wakurya, na wafanyabiashara Waislamu kama akina Mama Hadija waliokuja na cherehani zao na mizani zao. Siku moja ikaja Landrova yenye kipaza sauti. Ilikuwa kampeni ya usafi wa miji, ya nchi nzima. Akashuka bwana afya kutoka mkoani, kijana mrefu, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Akasimama pale sokoni akasema kwa Kiswahili kizuri kabisa kwamba kila mwananchi asafishe mji wake kabla ya Jumamosi, na mji utakaokutwa mchafu, soko lake litafungwa.

Wazee wakatazamana. Mzee Mwita, yule wa kona ya kwenda mtoni, akapaza sauti: "Hii Kiswahili yake inakimbia sana. Nani amesikia atuambie?"

Macho yote yakanigeukia mimi niliyesomea misheni. Nami, mwanangu, nilikuwa nikipenda sana kugeukiwa macho. Nilipanda juu ya kreti la soda nawe mgongoni, nikatafsiri kwa mbwembwe, mikono inakwenda huku na huku. Na nilipofika kwenye neno mji, nikalitafsiri kwa neno la kwetu la mji.

Wewe umezaliwa hapa. Kwako neno mji lina maduka ndani yake, na ofisi, na stendi. Kwa sisi tuliokulia Kenyamonta mji ni wa mtu: nyumba zake, zizi lake, ghala lake, na ua uliozunguka vyote hivyo. Mji wa Mwita, mji wa Chacha. Hata tukisema Kiswahili tunasema hivyohivyo, na ukifika mahali jambo la kwanza unamuulizia mwenye mji. Sikuwa na neno lingine. Hilo ndilo nililokuwa nalo, nikalitoa, nikashuka kwenye kreti nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Basi watu wakasafisha miji yao. Robi, usafi ule sijauona tena. Wanaume ambao hawakujua ufagio unashikwa upande gani walifagia. Samadi ya miaka ikachimbuliwa, na magunzi, na majivu, na mifupa, na vibuyu vilivyopasuka. Na vyote hivyo vikasukumwa nje ya ua, kwa sababu nje ya ua si mji wa mtu. Barabara ikajaa. Wenye miji iliyopakana na soko wakamwaga sokoni, nyuma ya meza zetu za dagaa. Ijumaa niliruka lundo la samadi ili nifike kwenye meza yangu, na nilikuwa na furaha, kwa sababu kila ua niliochungulia ulikuwa unang'aa. Haikunipitia akilini kwamba kuna jambo limeharibika.

Jumamosi Landrova ikarudi. Haikufika hata sokoni, ilikwama kwenye takataka za Mzee Mwita. Bwana afya akashuka, akatazama kushoto na kulia, akashika kiuno. "Ninyi watu wa Mugumu," akasema, "mmefanya makusudi. Nimewaambia msafishe, ninyi mmemwaga." Soko likafungwa siku ileile. Wakaweka kamba na mgambo wa kuilinda, tukaambiwa tusubiri mpaka itakapoamuliwa vingine.

Soko lile ndilo lililokuwa uji wako. Baba yako alikuwa kibarua wa ujenzi na saruji ilikuwa imekwisha, kwa hiyo alikuwa anashinda nyumbani akinoa panga ambalo halikuwa butu. Dagaa wangu walikuwa kwenye magunia wakipata unyevu. Mama Hadija alikuwa anakaanga maandazi yake na kuyazungusha chini ya kanga kama mwizi. Tukaanza kuuza nyuma ya nyumba za watu, na mgambo wakaanza kutufukuza huko pia. Siku moja nilikimbia nawe mgongoni kutoka nyuma ya bucha mpaka kwenye mashamba, na wewe ukacheka njia nzima, ukidhani mama anacheza. Nilipofika kwenye mahindi nikakaa chini nikalia. Sikumchukia mgambo. Nilimchukia yule kijana wa Landrova aliyesema "ninyi".

Baadaye ukaitishwa mkutano. Bwana afya akasimama tena, akatukaripia tena. Tulikuwa wabishi, tulikuwa hatupendi maendeleo, tulikuwa tunairudisha wilaya nyuma. Alipomaliza, Mzee Mwita akainuka taratibu na fimbo yake.

"Mimi mji yangu nimefagia," akasema. "Kuja uangalie, hata kuku inashangaa. Sasa hii mji unasema ni mchafu, ni ya nani? Mwenyewe aitwe hapa. Tumuulize yeye kwa nini hafagii."

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Kweli, mwenyewe aitwe. Bwana afya akadhani anachezewa, uso ukamwiva. Hapo ndipo mimi nilipoelewa. Katika mkutano mzima sisi wawili tu, mimi na kreti langu, ndio tuliokuwa tunajua neno lilipotelea wapi.

Nisikudanganye, sikusimama kwa ushujaa. Nilisimama kwa sababu Mama Hadija alikuwa amekaa pembeni yangu, akayaona macho yangu, akanifinya paja kwa nguvu. Nikasema kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa lugha yetu: hawa watu hawakukataa, walifanya lile nililowaambia, na nililowaambia silo alilosema bwana afya. Nikaeleza mji wake na mji wetu. Halafu mtu huko nyuma akaangua kicheko, na mwingine, na mkutano wote, na katika kicheko hicho ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza mtu akiniita Mama Mji. Baba yako alilikuta jina hilo kwenye kilabu cha pombe kabla hata sijafika nyumbani.

Bwana afya hakucheka. Nilimngoja anikaripie. Badala yake alivua kofia, akaketi kwenye benchi la mbele pamoja na wazee, na akaniuliza kwa sauti ya kawaida, bila kipaza sauti, "Sasa mama, kwa lugha yenu ningesemaje?"

Nikawageukia wenzangu wanisaidie. Nilimsamehe palepale, na nakwambia kweli, sijawahi kusikia jambo zuri kuliko lile kutoka kwa mtu aliyeshuka kwenye gari la serikali.

Tukaanza kulitafuta neno, mkutano mzima. Mmoja akasema tuseme senta. Mwingine akasema tuseme mahali pa serikali, na hapo Mzee Mwita akamkatiza: "Kama ni ya serikali, basi serikali ilete ufagio." Ikawa kelele. Mwisho mzee huyohuyo akauliza ile njia ya kwenda kuchota maji mto Manchira ni ya nani, na mti ukiangukia njia nani anaukata. Watu wakajibu kwamba haina mwenyewe, anaukata anayepita. Na mahali pa ritongo je? Ni hivyohivyo, wakasema. Bwana afya hakujua ritongo ni nini, ikabidi aelezwe kwamba ndio ule mkutano wetu wa watu wote wa eneo, hakuna anayefukuzwa, na likishaamuliwa linamshika kila aliyekuwepo. Mahali pake hapana mwenyewe, lakini ukipachafua utaulizwa na watu wote.

Bwana afya akafikiri. "Basi Mugumu yote," akasema, "ni mahali pa ritongo."

Alilitamka vibaya, lakini lilimfikia kila mtu. Wakakubaliana kwamba kila nyumba ifagie kuanzia mlangoni kwenda nje, mpaka ufagio wake ukutane na wa nyumba ya ng'ambo katikati ya njia. Bado tunafagia hivyo, na wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unapigana na Hadija kwa fagio katikati ya njia bila kujua mnatekeleza azimio la mkutano.

Kuna jambo moja zaidi la siku ile. Bwana afya alikuja na karatasi, na kwenye karatasi mahali pa kuchimba shimo la taka palikuwa pameshachorwa, jirani na njia ya maji. Kabla ya hapo tungenyamaza, tungelichimba kwa kuwa tumeambiwa, halafu tungeliacha likae tupu na kuendelea kutupa porini. Siku ile akina mama wakasema hapana, mvua ikinyesha uchafu utatufuata mtoni. Akauliza, basi wapi? Wakabishana, wakapata mahali, akafuta kwa raba na kuchora upya. Robi, ile raba ndiyo niliyoielewa kuliko kipaza sauti. Niliona mtu anaweza kutumwa na taifa zima na bado akafuta.

Soko likafunguliwa. Akina mama wakaniambia niwe msemaji wao, kwanza kwa utani, halafu ikawa kweli. Na hapa sitajisifu, maana unajua nilikuwa kiongozi lakini hujui nilikuwa kiongozi wa namna gani. Nilianza vizuri. Baadaye nikanogewa. Nikawa nasimama asubuhi katikati ya soko: ninyi wa nyanya sogeeni, ninyi wa mkaa mnachafua, ninyi mliochelewa mtajijua. Mama Hadija alinitazama siku moja akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwenzetu, wewe umehamia wapi siku hizi?" Niliona aibu kuliko siku ya mkutano, kwa kuwa siku ya mkutano nilikosea neno tu. Nikauacha ule uongozi. Niliwaambia watu ni magoti. Magoti yangu ni mazima, umeniona nikicheza ngoma.

Sasa unaweza kuelewa juzi. Uliposimama uani ukasema "mji wenu", na "mnatakiwa", na tena "mnatakiwa", nilimwona yule kijana wa Landrova amevaa blauzi nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe. Nikaogopa. Sikuogopa kwamba utashindwa. Unajua kusema, umenishinda mimi zamani. Niliogopa kwamba watakusikiliza, watafanya kama ulivyosema, na litatokea lingine kabisa, halafu wewe utakasirika, na huko nyuma ya bucha ya mji nisioujua kutakuwa na mwanamke anakimbia na mtoto mgongoni kwa ajili ya neno lako.

Hotuba yako ni nzuri, mwanangu. Ina mambo ya kweli na watu wanayahitaji. Ukifika huko unakopelekwa, usiwashe kipaza sauti mara moja. Kaa sokoni kwanza, nunua ndizi, ule. Muulize muuza ndizi wao wanauitaje mji, na diwani wanamwitaje, na mara ya mwisho gari kama lenu lilipokuja lilisema nini. Watakucheka. Acha wakucheke, kicheko hakijaniua mimi. Na ubebe raba.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni fupi, na hakuna anayeijua isipokuwa Mama Hadija.

Wiki iliyopita akina mama wa soko walinijia nyumbani wewe ukiwa umetoka. Wanataka niwe diwani. Walisema wamechoka kuletewa watu wasiojua soko linafunguliwa saa ngapi. Nikawakatalia. Nikawaambia habari za magoti. Mama Hadija akaguna tu, akaondoka. Halafu juzi wewe, ambaye hukuambiwa lolote, ukasoma pale katikati ya hotuba yako: "Msingoje kiongozi mwema aletwe na gari kutoka mkoani. Yumo kati yenu. Msukumeni mbele." Mama Hadija akanigeukia na kuanza kupiga makofi. Yale makofi hayakuwa yako peke yako, mwanangu. Ndiyo maana nilikimbilia sahani. Nilikuwa nimeshikwa.

Mchana wa leo, ulipokwisha kupanda baiskeli kwenda kwa bibi yako, nilivaa viatu nikaenda kwa katibu wa tawi nikampa jina langu. Akaniuliza aliyenishawishi ni nani, nikamwambia kuna afisa wa kampeni alipita nyumbani kwetu. Baba yako nitamwambia kesho tukirudi kutoka stendi, ili kelele zake zinisaidie kutokusikia ukimya wa chumba chako.

Nakupenda, Robi. Nimeandika kurasa zote hizi nikilizungukia neno hilo, na sasa nimelisema. Nyumba itakuwa kubwa bila wewe. Nenda.

Nikishindwa kwenye uchaguzi usilie, dagaa wapo. Lakini nikishinda, na wewe ukarudi likizo ukanikuta nimesimama mbele ya watu nasema ninyi, ninyi, usininyamazie kwa sababu mimi ni mama yako. Inuka hapohapo mkutanoni unikatize. Wengine wote wataniogopa. Nakuomba wewe usiniogope.

Mama yako